Kaseti ya Pili ya Seni

Jumatatu, 8 Agosti 1977

Budeba kaja leo na basi la Mbeya. Shemeji yangu huyo, mdogo wake marehemu mume wangu, Seni. Hata chai hajamaliza, kaanza. Kikao cha ukoo ni Jumamosi ya wiki ijayo, kwao Chimala. Wanamzungumzia mwanangu Tekla. Ng'ombe wa mahari walitolewa, kwa hiyo mtoto ni wa ukoo, atakwenda kukaa kwake. Kayasema hayo polepole, kama mtu anayeomba chumvi.

Nikamuuliza: na maneno ya Seni? Si aliyasema kitandani, mbele ya redio kaseti, na wewe ukiwepo? Tekla abaki kwa mama yake. Kaseti si mlibaki nayo nyie?

Kumbe imefutika. Vijana wamerekodia muziki wa dansi juu yake. Katoa pole, kaomba chai nyingine.

Nimemmiminia. Sikumwambia kitu. Seni hakuwa mjinga — alisema mara mbili, kaseti mbili, siku mbili tofauti. Ya pili alinipa mimi, kasema hii ni ya akiba. Imo kwenye gunia la mchele chumbani.

Tekla ana miaka sita. Atoke humu ndani kwenda kulelewa na Budeba? Ng'o.


Jumanne, 9 Agosti

Nimeitoa kwenye mchele, nimeiweka kwenye redio ya Seni, ile ile aliyorekodia. Kifuniko hakifungi. Nabonyeza, kinaruka. Nimepuliza. Nimepangusa kwa kanga. Nimegeuza upande. Wapi!

Nikaweka kaseti ya kwaya: inaimba bila shida. Kwa hiyo redio nzima, mgonjwa ni kaseti. Basi nikalazimisha kifuniko kwa kiganja. Ikakoroma, ikatafuna utepe. Nimeuchomoa kidogo kidogo, nikaurudisha kwa kalamu, jasho linanitoka na baridi yote hii ya Kihesa. Haukukatika. Umekunjamana tu.

Jirani yangu Lea alikuwa mlangoni anaangalia. Kasema niache, mambo ya wafu hayachokonolewi. Nikamwambia aliyekufa ni mume wangu, si wake. Kanuna. Na anune.


Alhamisi, 11 Agosti

Nimekwenda mjini kwa Nizar, fundi redio. Kaifungua kaseti kwa bisibisi ndogo kama sindano. Punje ya mchele! Imejibana kwenye gurudumu, na vumbi la pumba kila mahali. Na kile kisponji kinachokandamiza utepe kimebanduka. Kaniuliza nilikuwa nahifadhi kaseti au napika pilau. Nikamwambia mchele hauibiwi na watoto, ndiyo maana. Kacheka.

Ganda limepinda, halifai. Kachukua kaseti nyingine ya dukani, katoa utepe wake, kaweka wa Seni. Mama yake Nizar, Sakerbanu, alikuwa kaunta. Kalalamika kwamba hizo ni nyimbo zake, anazisikiliza kila siku. Nizar kamweleza shida yangu kwa lugha yao. Mama akanivutia kigoda.

Ikafunga vizuri. Ikazunguka. Moyo wangu wote uko masikioni. Kikatoka kitu kama kifaranga. Chwi chwi chwi. Sakerbanu kauliza huyo anayeongea ni mtoto wa nani.

Nizar kasafisha kichwa cha redio kwa spiriti. Kabadilisha mkanda wa ndani. Kaweka betri mpya. Kajaribu na redio yake inayotumia umeme. Kifaranga tu. Mwisho kasema redio haina kosa, utepe ndio umeharibika kwa joto au kwa uzee. Pole, mama Tekla.

Pole sitaki. Nimesikiliza tena nyumbani, sikio nimelibandika kwenye redio. Maneno yote yamo. Jina la baba yake Seni limo, la Tekla limo. Kitu kilichooza hakisemi maneno yote mpaka mwisho. Hapa kuna ujinga fulani tu, na nitaupata.


Jumamosi, 13 Agosti

Nimeshinda nayo. Mbele, nyuma, mbele. Cherehani imelala, sare za watu hazijashonwa. Tekla anaigiza kile kifaranga, anacheka. Anacheka sauti ya baba yake na hajui. Nimekwenda jikoni nikalia, nikanawa uso, nikarudi.


Jumapili, 14 Agosti

Nimempata!

Sikwenda misa, Mungu atanielewa. Tangu asubuhi redio inaimba tu, nimeng'ang'ana, narudia na kurudia. Betri za Nizar zikaanza kuchoka. Nikaona kifaranga kinakuwa kijana. Nikadhani masikio yangu. Nikaacha iendelee. Kijana akawa mtu mzima. Halafu Seni. Seni mwenyewe, na kile kikohozi. Tekla aliacha mdoli wake chini, kaja kusimama mbele ya redio.

Ndipo nikakumbuka siku ya kaseti ya pili. Betri zilikuwa zimekwisha Chimala, na duka halina. Tukazianika juani juu ya bati, kama kila mtu anavyofanya, zikapata nguvu kidogo ya kuzungusha. Kumbe ilikuwa inazunguka kivivu, na maneno yakaingia kivivu. Sasa ukiipigia betri mpya, inakimbia! Mimi na fundi tunahangaika kuiongezea nguvu, na yenyewe inataka betri zilizochoka.

Imeendelea kushuka, Seni akawa ng'ombe dume, halafu kimya. Sijali. Nimeshamsikia.


Jumatano, 17 Agosti

Lea kaniletea betri za redio yake. Kasema zimechoka mwezi mzima, alikuwa anaona uvivu kuzitupa. Bado kanuna kidogo, lakini kaleta. Nimejaribu sentensi moja tu: sauti yenyewe kabisa. Nimezitoa haraka, nimezifunga kwenye soksi ya Tekla. Sizigusi tena mpaka kikaoni.

Budeba ameula wa chuya.


Ijumaa, 19 Agosti

Chimala. Tumefika jioni, vumbi mpaka kwenye kope. Nimepiga magoti mbele ya Mzee Nkuba, baba mkwe wangu. Mwadila, baba, nikamsalimia kwa Kisukuma chao. Kaitika, kampakata Tekla, kaniuliza habari za njia. Hajanitazama usoni. Ndani nimekuta kitanda kidogo kipya, kimetandikwa. Cha Tekla, wanasema.

Tutaona nani atalala hapo.


Jumamosi, 20 Agosti

Naandika nikiwa nimekaa juu ya kinu, nje. Kikao hakijaisha. Niandike kabla sijapasuka.

Wazee walikaa kwenye viti, mimi kwenye mkeka. Budeba kaongea kama wakili. Ng'ombe, ukoo, mila. Kasema hata marehemu angetaka hivyo. Nikasema tumuulize mwenyewe. Nikatoa kaseti. Uso wa Budeba ningeutundika ukutani.

Lakini mjanja yule. Alipoona natoa betri kwenye soksi, kasema hapana, tumheshimu marehemu, leteni betri mpya. Nikasema mpya hazifai. Kauliza: mmewahi kuona redio ikakataa betri mpya? Wakacheka wote. Mzee Nkuba akaamua ziwekwe mpya.

Chwi chwi chwi.

Watoto waliokuwa dirishani walianguka chini kwa kicheko. Mzee hakucheka. Alisikiliza, akainamisha kichwa, akasema huyu siyo mwanangu. Budeba akasema basi, tumalize, shemeji amechanganyikiwa na msiba.

Hapo damu ilinipanda. Mwanamke hasimami kwenye kikao hiki. Nimesimama. Nimeichukua redio mbele ya wazee, nimetoa betri zao mpya, nimeweka za Lea. Mmoja alisema huyu mwanamke wa Kihehe hana adabu. Nikamwambia adabu yangu iko mahali pake, baba, ngoja nimalize.

Nikabonyeza.

Seni kaongea Kisukuma, taratibu, kama alivyokuwa. Mimi Seni, mwana wa Nkuba. Baba, najua umekaa na fimbo katikati ya magoti. Na mzee alikuwa amekaa hivyo hivyo! Seni kasalimia wajomba, kataja ugonjwa wake, kasema asilaumiwe mtu. Halafu kasema: sasa, kuhusu mwanangu Tekla —

Sauti ikazama. Ikawa nzito, ikawa mkoromo, ikasimama.

Nilitamani kuipiga ile redio. Budeba kasimama upesi. Kasema imekwisha, hakusema lolote, sote tumesikia. Nikasema hajamaliza. Kasema imekwisha. Nikasema wewe ulikuwepo alipoyasema, unayajua yaliyobaki, yaseme basi!

Mzee Nkuba kainuka kitini. Kanyoosha mkono, kasema nipe hayo mawe ya redio, yaani betri. Nikampa. Katoka nayo mwenyewe, fimbo kwapani, kayapanga juu ya jiwe kubwa pale penye jua kali. Kaagiza kigoda, kakaa kando yake. Wazee wengine wametawanyika kivulini. Tekla kaenda kukaa miguuni kwa babu yake.

Nimemsogelea nikapiga magoti. Nikasema, baba, kama jua halitatosha, maneno yaliyobaki ni machache, nayajua yote, naweza —

Kaniambia usiniambie. Nitamsikia mwenyewe.

Basi nimerudi kwenye kinu. Saa za mchana zinakwenda. Mzee anayageuza mawe yake moja moja, kama mtu anayechoma mahindi. Anayagusa, anayaacha. Sasa hivi kamtuma mtoto alete redio.

Budeba ameinuka kutoka kivulini. Amevaa viatu. Anasema ng'ombe hawajanyweshwa, anakwenda mtoni, watamwambia yatakayosemwa.

Mzee hata hakugeuka. Kamwambia, kaa chini. Kaka yako hajamaliza kusema.