Waliopewa Madumu

Mama,

Shikamoo. Goti linakuruhusu kufika kwenye maharage, au bado unamtuma Shangazi? Mimi ni mzima, ila ugali wa huku Biharamulo umenifundisha kuheshimu ndizi za kwetu Mabawe. Simu haishiki mtandao, ndiyo maana naandika.

Uliuliza mazoezi ya kufundisha yanakwendaje. Nafungua daftari langu nisikudanganye.

Jumatatu: mwalimu mkuu ametangaza kwamba mkufunzi wa chuo atakuja Jumatano kutukagua. Jumanne: mwanachuo mwenzangu Denisi, yule wa miwani ya jua, amefundisha somo lilelile la sehemu za mmea mara nne, mpaka watoto wanajibu kabla hajauliza. Amewaagiza wote wanyooshe mikono mbele ya mgeni: anayejua wa kulia, asiyejua wa kushoto, ili yeye ajue wa kumchagua. Hayo anayaita maandalizi. Hata kasuku angeona haya.

Jumatano asubuhi mwalimu mkuu akaniletea majina kumi na moja ya darasa langu la kwanza, wale wasiojua kusoma.

"Hawa wape madumu, waende bondeni kuchota maji. Mgeni akiondoka watarudi."

"Mwalimu, hao ndio niliokuja kuwafundisha."

Denisi akacheka. "Dada wa Ngara, acha utakatifu! Wangu wameshaondoka. Ufeli kwa ajili ya watu wa madumu?"

Nikawaketisha wote kumi na mmoja mbele.

Mkufunzi huyu ndiye aliyetufundisha mwaka mzima habari za shule za vijijini, na viatu vyake bado havijui tope. Kwa Denisi alikaa kipindi kizima, akiitikia kwa kichwa kama yuko kwenye kwaya. Kwangu alikaa robo saa. Leokadia, mmoja wa wale kumi na mmoja, alishindwa silabi ya kwanza. Nikamweleza kwa Kisubi, lugha ya kwao, maana hakiko mbali na Kihangaza chetu, naye akasoma, polepole, neno zima. Mkufunzi alikuwa anatazama saa.

Denisi amefaulu vizuri sana. Mimi nitarudia mazoezi muhula ujao, kwa hiyo sitakuwepo kwenye kipaimara cha Yusta. Hilo tu ndilo linaloniuma. Mwambie mdogo wangu gauni limekwisha kushonwa, nitalituma. Msalimie Shangazi, na katekista aliyenishikisha kalamu.

Kwenye fomu yangu mkufunzi aliandika: "Darasa halikuandaliwa." Nimeyanakili kwenye daftari. Ndiyo maneno pekee ya kweli yaliyosemwa siku ile.

Mwanao Editha,
mwalimu wa watu wa madumu