Ng'ombe wa Sukari wa Boay

Ngorongoro, baada ya Mwaka Mpya

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao kutoka juu ya mawingu, na hapo sitanii, maana asubuhi ya leo mawingu yamelala chini ya dirisha letu kama maziwa kwenye kibuyu. U mzima? Mguu bado unakusumbua wakati wa baridi? Ile migomba iliyoinamishwa na upepo, imepata mtu wa kuiwekea nguzo? Mimi sijambo, tena nimenenepa, suruali ya kazini inanibana nikiinama. Na wewe dada Anjelina unayemsomea Mama barua hii, soma yote, usiruke mahali ninapojisifu. Nakufahamu.

Najua mmenikasirikia. Mchaga asipofika nyumbani Krismasi, watu huulizana kama amekufa au amefungwa. Baba mdogo ameniletea habari kwamba nyama yangu iliwekwa juu ya moshi mpaka ikakauka kama mkanda, na kwamba wewe Mama ulisema mbele ya watu, "Basi huyo ameoa Mmasai." Sijaoa Mmasai, Mama. Nilikuwa naoka biskuti.

Usicheke kwanza, sikiliza.

Boay ni yule rafiki yangu niliyekuwa nakuandikia habari zake, Mwiraqw wa Mbulumbulu, mwokaji mikate wa hoteli yetu, tuliyelala naye chumba kimoja miaka yote hii. Mimi ndiye mtu wa mbele, wa kuonekana na wageni. Nasalimia kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano, na wakinijibu nakimbilia jikoni. Boay alikuwa mtu wa nyuma, wa moto na unga, maneno machache. Nikirudi na trei mikononi nikieleza jinsi mgeni fulani alivyotaka kunichukua Ulaya, yeye anauliza tu, "Na ulimpelekea chumvi aliyoomba?" Basi. Kabla ya mvua za vuli homa ilimshika. Tulimpeleka hospitali akiwa anatembea mwenyewe, na siku chache baadaye tukamzika kwao.

Sasa, Boay alikuwa na kazi yake ya Krismasi. Kwao wanalima ngano, kwa hiyo unga ulitoka kwa mama yake. Sukari ndiyo shida, unajua mwenyewe hali ya maduka siku hizi. Basi tangu Desemba inaanza sisi wafanyakazi wote tulikuwa tukinywa chai kavu, sukari yetu inakwenda kwenye kopo la Boay. Mtu akinung'unika anaambiwa, "Kunywa, watoto wa Mbulumbulu wanakuona." Alikata bati la kopo la maziwa akalikunja likawa umbo la ng'ombe, na kwa hilo alikata biskuti, moja kwa kila mtoto wa majirani zao. Zikipoa anazipaka sukari iliyotwangwa laini na kukorogwa na ute wa yai, nyeupe, na nyingine ametia kakao, na nyingine maji ya bitiruti, anachora kwa unyoya wa kanga. Mkesha wa Krismasi anashuka nazo kwao. Watoto wanamngoja njiani tangu asubuhi.

Siku ya mazishi, mama yake aliwaambia wale watoto kwa upole kwamba mwaka huu biskuti hazitakuwepo. Mama, ulinizaa na mdomo ambao haujui kukaa. Nilisimama pale pale kaburini, na suti yangu ya kuazima, nikasema kwa sauti, "Zitakuwepo! Mimi nipo!" Yule mama akanitazama sana. Kisha akawageukia watoto akawaambia kwa lugha yao, na mtu akanitafsiria: "Amesema Mchaga. Mtamngoja kama mlivyomngoja Boay."

Basi ungefanya nini wewe? Ningekuja kula nyama Marangu, halafu yule mama asimame mlangoni na watoto wa kijiji kizima wamtazame usoni? Nilikuwa nimemtia mtu aliyefiwa katika hatari ya kuaibika. Tena mimi katika maisha yangu sikuwahi kuoka hata mhogo.

Nilikwenda kwa mpishi mkuu.

"Mzee, naomba tanuri siku moja."

"Wewe? Unataka kukausha soksi?"

"Kuoka biskuti za Boay."

Akaweka kisu chini. Akasema, "Chukua baada ya chakula cha mchana. Ukichoma hoteli, mimi sikujui."

Wageni wenyewe ni wachache tangu mpaka wa Kenya ufungwe, kwa hiyo jiko lilikuwa na nafasi. Trei ya kwanza iliungua. Niliitupa nyuma ya jiko, nyani wakaja, wakanusa, wakaondoka. Trei ya pili ilikuwa laini kama godoro. Ya tatu, Mama, nakwambia, hata Ulaya hawana! Mpishi mkuu alivunja moja akaila bila kusema neno, na yule kusema vizuri kuhusu kazi ya mtu mwingine hajawahi.

Halafu nikaketi kuzipamba. Nilikuwa nimeziona za Boay kila mwaka, zina mabaka na madoa, nikidhani ni urembo tu, kama maua kwenye keki ya harusi. Mimi nikataka zangu zishinde. Nikachora ng'ombe mmoja mzuri, mwekundu, uso mweupe, sikio moja jeusi, na baka jeupe begani kama leso iliyokunjwa. Nikampenda. Nikawachora wote hivyo hivyo, sawasawa, kama askari wa gwaride. Nikajisemea, Boay, nimekupita.

Mkesha wa Krismasi lori la mboga likanishusha njia panda, nikapanda mlima na kikapu kichwani na tai shingoni. Watoto walikuwapo njiani. Wakanifuata mpaka uwanjani kwa mama yake Boay. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia, akanipa kigoda. Tangu mazishi, watu wanasema, alikuwa hatoki zaidi ya kukamua na kurudi ndani. Siku ile alitoka akakaa mlangoni.

Nikafunua kikapu. Nikangoja kelele za furaha.

Hakuna kelele. Kila mtoto aliinama, akatafuta, akainuka na moja mkononi. Wakatazamana. Kabinti kamoja, Paskalina wa nyumba ya jirani, mdogo lakini mdomo wake na wangu ingefaa kuwa ndugu, akaniuliza, "Wetu yuko wapi?"

"Wenu nani? Chukua yeyote, wote ni wazuri."

"Wetu ni mweusi, ana mkanda mweupe tumboni. Huyu si wetu."

Mwingine akasema, "Na wetu ana madoadoa mgongoni. Huyu simjui."

Wakaanza kuzirudisha kikapuni, moja moja, kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu cha jirani kilicholetwa kwake kwa makosa. Mama, afadhali wangenizomea!

Ndipo nilipoeleweshwa. Kwao majirani huchunga ng'ombe zao pamoja, kwa zamu, nyumba hii leo na ile kesho. Boay alikua akichunga kundi la kijiji kizima, akimfahamu kila mmoja kwa rangi kama sisi tunavyofahamiana kwa sura. Kila biskuti ilikuwa ng'ombe wa nyumba ya mtoto fulani, baka kwa baka. Kumbe mtoto alikuwa anamngoja ng'ombe wao, na mimi nimewaletea kundi zima la ng'ombe mmoja mgeni.

Nikamtazama yule mama. Nikafikiri, sasa nimemwaibisha kweli. Nikasema, "Mama, nisamehe, sikujua." Akauliza, "Sukari imebaki?"

Ilikuwa imebaki kwenye makopo, nyeupe na kakao na nyekundu, niliyabeba kikapuni pamoja na unyoya ili nirekebishe zitakazoharibika njiani. Akaleta kisu, tukakwangua wale askari wangu wote, sukari iliyokwanguliwa ikalambwa na watoto, na hapo kidogo nikapata marafiki. Nikashika unyoya. Paskalina akaamuru, "Anza na wetu." Lakini watoto walibishana, huyu anasema mkanda ni mpana, yule mwembamba. Wakati huo ng'ombe walikuwa wanarudi kutoka machungani, basi wakanivuta mkono. Mama, ungeniona! Mhudumu wa hoteli ya kimataifa, na tai, anakimbia nyuma ya ng'ombe na bakuli la sukari, watoto wanapiga kelele, "Geuka! Upande huu! Ametuonyesha mkia tu!" Kinyesi kilifika magotini. Ile suruali inayonibana ndiyo niliyoivaa.

Nilipochora wa nne au wa tano, nikasikia sauti ya yule mama nyuma yangu. "Hapana. Baka la huyo linashuka mpaka gotini. Boay alilishusha mpaka gotini." Nikajaribu. "Hapana." Nikajaribu tena. Akanyoosha mkono akachukua unyoya kutoka kwenye vidole vyangu, akakaa chini pamoja na watoto, akachora mwenyewe. Hakunirudishia. Alichora wote waliobaki. Kila alipomaliza mmoja alimtaja mwenye nyumba, na mtoto anachukua, anatazama, anatikisa kichwa kukubali. Paskalina hakuila yake. Alikwenda nayo kwanza akamwonyesha ng'ombe.

Chini ya kikapu tulisahau biskuti moja haijakwanguliwa. Yule mama akaishika, akaitazama muda mrefu.

"Na huyu ni wa nani?"

"Wa kubuni tu, mama."

"Hapana," akasema. "Mtu habuni ng'ombe mmoja mara zote zile. Huyu unamjua."

Nikamtazama. Mwekundu, uso mweupe, sikio moja jeusi, baka jeupe begani. Mama, alikuwa ni Nshili, ng'ombe wako! Yule niliyemkatia majani tangu nikiwa siwezi kubeba mzigo wenyewe. Nimekaa huku miaka yote hii, nikidhani nimemsahau.

Hapo nikakumbuka jambo la Boay. Kila Krismasi alinipa na mimi biskuti moja, haina rangi hata kidogo. Kabla ya kuoka alikuwa ananiuliza, "Ng'ombe wa mama yako yukoje?" Na mimi namjibu, "Aa, sisi kwetu tunao wengi, nitaanzia wapi?" Basi ananipa tupu, anasema, "Huyu ni wa Marangu. Siku ukimkumbuka tutampaka." Nikadhani ni uvivu.

Nikamweleza yule mama. Akacheka, Mama, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Halafu Paskalina akauliza, "Na upande wake wa pili ukoje?"

Nshili alifungwa ndani siku zote, ubavu wa pili umeelekea ukutani. Upande mmoja tu ndio ninaoujua. Watoto wakaanguka kwa kicheko. "Hajui ng'ombe wao! Nusu tu!" Mama Boay akaifunga ile biskuti kwenye kitambaa, akaiweka juu darini. Akasema, "Itakaa hapa. Muulize mama yako, uje utuambie."

Ndiyo habari ya Krismasi yangu. Pasaka nitakuja, nimeshaomba ruhusa, na ile nyama iliyokauka kama mkanda nitaila. Mnisalimie baba mdogo, mleta habari, mwambieni masikio yake nayajua. Msalimie shemeji mwenye cherehani, suruali inamngoja. Msalimie bibi wa ng'ambo ya mfereji, na mama mchungaji, mwambie niliimba kanisani Mbulumbulu kwa lugha nisiyoijua, tena kwa sauti ya juu kuliko wote.

Nakubusu mikono, Mama. Ni mimi mwanao wa pili, mwenye makelele,

Aminieli

Dada Anjelina, usiikunje bado. Kama Nshili alishakufa, Mama anakumbuka. Kama yupo, ingia zizini na taa, mgeuze taratibu, mtazame vizuri ubavu wa ukutani, uniandikie kila baka lilipo. Watu wananingoja.