Haiko Malin

Mama yangu mpenzi,

Salaam aleikum kutoka huku Lubumbashi. Mgongo unaendeleaje? Na kikohozi cha Baba kimemwachia? Sisi wazima. Nimeandika kwa sababu simu ya Kabambare hukatika kila tukianza neno zito.

Kitu cheusi kiliniota chini ya wayo. Mwanzo kilikuwa kidogo kama punje ya mchele, kisha kikatanuka na kuharibika kingo. Nikadhani ni sugu ya kuzunguka sokoni. Bwana wangu ndiye aliyenikokota hadi kwa daktari wa ngozi, mwanamke mdogo kwangu kwa umri. Mama, yule binti namvulia kilemba! Alinishika mguu na mavumbi yake yote bila kukunja uso. Akanikagua mwili mzima kwa kioo chenye taa. Vipele vyeusi vya mashavuni, vile nilivyorithi kwako, vilimfanya atabasamu: "Hii ni ya familia, Mama. Uzeeke nayo tu."

Kwenye wayo akasogeza taa karibu zaidi.

"Tutakata kidogo, tupeleke ku labo. Tunataka kujua kama iko malin."

"Iko malin sana, Dokta! Imejificha chini ya muguu, mutu hawezi kuiona."

Kwani kwetu mtoto malin si ndiye mwenye akili? Alicheka mpaka akavua miwani, lakini hakunidharau. Akavuta kiti, akakaa karibu nami.

"Malin ya hapa ni kansa, Mama. Inakula fasi yake, pale ilipoota, kisha inatembea mu mwili. Kama haiko malin, inabaki palepale."

Wiki za kungoja zilinikondesha. Nilikuwa nikimnyonyesha mtoto huku nalia, nikijiuliza nani atamlea. Siku ya majibu daktari hakungoja niitwe, alinifuata mwenyewe kwenye benchi: "Haiko malin!" Sijawahi kufurahi namna ile kusikia kitu cha mwili wangu kikiitwa mjinga.

Ndipo akauliza kama nyumbani kuna mwenye alama nyeusi mguuni. Nikamtajia mstari ulio kwenye ukucha wa kidole gumba cha mguu wako. Akasema watu weusi wengi wanao, na mara nyingi hauna neno.

"Unapanuka? Ukipanuka, unaweza kuwa malin."

Nikaukumbuka ukucha wako. Zamani, ulipokuwa ukinisuka, mstari huo ulikuwa mwembamba kama uzi. Kwenye arusi ya kaka, nilipokupaka hina, ulikuwa umeshika nusu ya ukucha.

Mama, mpunga utavunwa na wengine. Kaka akupeleke hospitali ya Kasongo kwa pikipiki, uvue kiatu, uonyeshe kidole. Usiwaogope madaktari, wangu alinifundisha kama ndugu.

Nisalimie Baba, shangazi muuza mawese, na mke wa kaka. Mdogo wangu anayekusomea, namkumbuka pia. Ila barua hii asiirudie mara ya pili kabla hujapanda pikipiki.

Ni mimi binti yako, ninayekuhitaji bado,
Zaina