Nyumba Yetu ya Iringa Nimeinunua

Mama,

Nakuandikia nikiwa kibarazani Iringa, kwenye nyumba alimotufukuza Baba Mdogo Saidi. Sasa ni yangu.

Unakumbuka siku ile, arobaini ya Baba imepita jana yake tu. Alisimama mlangoni akasema, "Shemeji, nakupa siku tatu." Hukubishana. Ulifunga nguo zako kwenye kanga, tukapanda lori la mpunga mpaka Mbeya. Ukafia hukohuko Mbeya, mtaa wa Iyunga, Mama, kwenye chumba cha kupanga, na yeye hakuja hata kukuzika.

Nilitaka kumroga. Sikufichi. Nikakumbuka maneno yako: "Pesa usiishike una hasira, itakutoroka." Basi kila Jumamosi, nikishalipwa ushonaji wangu, nilikaa kwanza. Nilikunywa maji, nikangoja moyo utulie, ndipo nikahesabu. Nilitenga ya kodi, ya unga na ya mafuta ya taa. Iliyobaki niliitia kwenye kopo la maziwa. Nikipenda kanga dukani, sikuinunua siku hiyohiyo. Nililala nayo moyoni, na mara nyingi asubuhi sikuitaka tena. Miaka saba. Waliniita bahili, nikaendelea kuhesabu.

Baba Mdogo huku aliitafuna mali ya Baba kama mchwa. Mwaka huu madeni yakamfika shingoni, akaiuza nyumba kwa bei ya kutupa. Nilimtuma mwenye duka ninayemshonea akanunue, jina langu lisitajwe. Siku ya kukabidhi funguo nikaingia mimi. Baba Mdogo alinitazama, akakaa chini.

"Zuhura mwanangu," akasema, "niachie hata kile chumba cha uani."

Nikamjibu polepole, kama ninavyohesabu senti, "Baba Mdogo, nakupa siku tatu."

Alilia. Nilimwangalia mpaka alipomaliza. Nilifurahi, Mama. Mungu anajua nilifurahi.

Shangazi anasema nimsamehe, damu ni nzito. Sijaweza. Nilidhani akishatoka na mkeka wake moyo wangu utapoa. Haujapoa. Jana nimefagia chumba chako, nikakaa sakafuni nikalia, kwa sababu wewe... wewe ndiye uliyepaswa kufunguliwa mlango ule.

Lala salama, Mama. Nakuahidi chumba chako nitampangisha mjane, kwa bei anayoiweza, na shemeji yeyote atakayekuja kumtoa atanikuta mimi mlangoni.

Mwanao,
Zuhura