Nani Alikukanyagia Pedali ya Kulia?

Kaka Shabani,

Nilikupoteza Jumanne ya mwisho ya Ramadhani, kabla ya futari, pikipiki yako ikiwa chini ya lori hapa Kibaha. Tulikuwa hatusemeshani. Shikamoo sikupi.

Usijifanye hukumbuki tuligombania nini. Ndege ilikuwa imekamilika uani kwangu: fremu nimechomelea mwenyewe, mabawa tumeyavisha turubai pamoja, injini umefunga wewe. Ikabaki kutoa upepo kwenye breki. Kila tairi lina pedali yake, na zote mbili zilibonyea kama godoro. Ukataka tufanye kama kwenye magari yako, mimi kwenye kiti, wewe umelala chini ya tairi. "Pampu! Pampu! Shikilia!" Unalegeza nati, mafuta yanachuruzika, unakaza. "Achia." Mchana kutwa, nami nimefunga. Godoro vilevile.

Nikakwambia, upepo unapanda, kaka, wewe unaulazimisha ushuke. Bomba letu lina mita moja na nusu, tundu milimita nne. Halijai hata mililita ishirini za mafuta. Sirinji ya ng'ombe inabeba hamsini. Tuichomeke chini kwenye nati ya breki, tusukume mafuta yapande, upepo utokee juu kwenye kikopo cha mafuta ya breki. Ukacheka mbele ya mafundi wenzako. "Wewe mama mageti, kachomelee mageti yako. Breki niachie mimi." Nikaitupa sirinji kwenye boksi lako la spana, nikaingia ndani. Neno lako la mwisho kwangu ndilo hilo. Mageti!

Tumekuzika Kibuta, pembeni ya baba. Watu wakasema ulikuwa msikivu. Mkeo amerudi kwao Kurui. Mwanao wa mwisho ameanza kutembea, matege yako yote kachukua yeye. Ndege nimeipeleka Kibuta, shambani kwa baba. Njia ya kukimbilia nimeisawazisha.

Juzi ndipo nikapata moyo wa kukaa tena kwenye kile kiti. Nikakanyaga kushoto: godoro. Nikakanyaga kulia: jiwe.

Jiwe, kaka. Nilikaa pale nikikutukana.

Maana njia yako inataka watu wawili; yangu ya sirinji inataka mmoja. Mafundi wenzako wanaapa hakuna aliyekukanyagia. Mkeo naye anaapa. Ila anasema Jumapili, siku mbili kabla ya ajali, nilipokwenda kununua vyuma, ulikuja kwangu peke yako. Ukarudi na mafuta kwenye mikono ya kanzu. Basi ulikuwa na Jumatatu nzima ya kunipigia simu. Simu ilikuwa na chaji. Hata kunitukana tu ningepokea.

Ya kushoto nimeimaliza kwa sirinji. Ya kulia sijaigusa na sitaigusa mpaka ichakae yenyewe. Hiyo nakuahidi.

Jumamosi saa moja asubuhi nawasha injini. Siruki, naikimbiza ardhini tu, na mwisho wa njia kuna mikorosho ya baba, kwa hiyo nitakanyaga zote mbili kwa nguvu. Kabla ya hapo nataka jibu. Njoo hata ndotoni, ila usinizungushe na usinichekee. Ukisema ukweli, shikamoo yako ninayo, nimekuwekea, na ulale salama. Usiposema, utalala bila.

Nani alikukanyagia pedali ya kulia? Mwisho saa moja.

Mwanaidi