Kilo Mbili Zilizogoma na Uji wa Kambini

Mpendwa Bi Zubeda,

Nakuomba msaada huku mlango nimeufunga kwa komeo ili mume wangu asinikute na kalamu mkononi, na tafadhali jina langu usilichapishe, maana mtaa huu wa Buyenzi ukikohoa avenyu ya saba, wa avenyu ya ishirini wanakuja kukuuliza hali ya kifua.

Mimi ni mama wa watoto wanne, mzaliwa wa hapa hapa, na shida yangu imeanzia kwenye uzito, najua utasema huyu mama hana haya, watu wanakufa milimani, sukari haionekani madukani tangu nchi iwekewe vikwazo, na yeye analia kwamba amenenepa, lakini nisome mpaka mwisho. Mwaka jana nilianza kuumwa kichwa na kuona vimulimuli, daktari akanipima akasema presha imepanda, akanisimamisha kwenye mizani ikasoma kilo themanini na nne, akaniambia mama, shuka mpaka sabini, ukifika hapo tutaongea vizuri. Nikaacha mandazi, nikaacha kukaanga kwa mawese, nikawa mtu wa maharage na mchicha wa lengalenga, na kweli nikashuka mpaka nguo zikanipwaya, mume wangu Seifu, ambaye ni fundi wa magari, akawa ananung'unika kwamba wenzake gereji wanamuuliza kama mkewe ana ule ugonjwa usiotajwa, mimi nikavumilia hivyo hivyo mpaka nikafika sabini na mbili. Hapo nikakwama. Nikipunguza wali mshale hauendi, nikilala bila kula mshale hauendi, miezi inapita na ule mshale umeganda kwenye sabini na mbili, mpaka nikawa nauota.

Sasa nikueleze kazi yangu, maana shida imelala humo. Mimi napika uji kwenye kituo cha kulishia watoto katika kambi ya watu waliokimbia vita, si mbali na mtaa wa Ngagara. Si uji wa maji ule, ni unga wa mahindi na soya, unatiwa mafuta na sukari ili mtoto aliyekonda apate nguvu. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu mimi ni wa Buyenzi, maana wale kinamama wametoka vijiji tofauti vya milimani, kila mmoja anamwogopa mwenzake kwa mambo aliyoyaona, na kila wiki kuna uvumi mpya wa sumu, lakini mtu wa Buyenzi, Mswahili wa mjini, wanasema hana upande. Hata hivyo hawakuniamini bure. Unaijua desturi ya nchi yetu, anayekupa kinywaji anaonja yeye kwanza mbele ya macho yako ndipo unapokea, basi kila asubuhi kabla mtoto yeyote hajapata, nachota kikombe katika kila sufuria, nasimama mbele yao, nakunywa mpaka chini, ndipo wanaleta vikombe vyao. Nikiacha nusu wanarudi nyuma. Sufuria ni tatu, kwa hiyo vikombe ni vitatu.

Vikombe hivyo sikuvihesabu kuwa chakula, Bi Zubeda, nilivihesabu kuwa kazi. Na nisikufiche, ule uji ni mtamu, nyumbani chai tunakunywa bila sukari, kwa hiyo saa ya kuonja nilikuwa naisubiri. Ukaja mwezi wa Ramadhani, nikawaeleza kinamama kwamba nimefunga, mwenzangu wa jikoni Consolate, yeye ni Mkristo, akaonja badala yangu, wakakubali bila neno. Mwezi ule mshale ukasogea. Baada ya Idi nikaanza kuonja tena na mshale ukarudi palepale kwenye sabini na mbili, na hapo ndipo nilipojua kilo zangu zinatoka wapi.

Ningesema, lakini ningesema vipi? Niwaambie wanawake ambao watoto wao wamebaki macho na mbavu kwamba uji wenu unaninenepesha? Nikaona aibu, aibu ya kutaka kujificha chini ya kitanda. Badala ya kusema nikaanza ujanja. Nikawa nachota kidogo sana katika kikombe cha bati, ambacho huoni ndani, nakiinua, narudisha kichwa nyuma, koo nalichezesha kama nameza, kisha naingia nyuma ya jiko na kile kidogo nakitema kwenye majivu. Wiki zikapita, wakaniamini, na mshale ukaanza kushuka. Siku uliposoma sabini na moja nilijipima mara mbili kwenye mizani ya kituo nikacheka peke yangu, na ndiyo siku hiyo hiyo niliyoonekana.

Aliyeniona ni Adélaïde, mama mmoja aliyewahi kuishi mjini kabla ya vita, anajua Kiswahili chetu, alikuja nyuma ya jiko kuomba kaa la moto. Akanikuta nimeinama.

"Mama, unatema?"

"Apana," nikamwambia, "jino inaniuma."

Akaangalia majivu, akaniangalia mimi. "We unatema, batoto betu banameza. Juu ya nini?"

Nikayafukia majivu kwa mguu. Hakupiga kelele, angepiga kelele ningeshukuru, alikwenda tu akamtoa binti yake Christa kwenye foleni, akaumwaga uji wake chini, akaondoka naye. Kesho yake foleni ilikuwa nusu. Siku hizi wanakuja wachache tu, wale ambao hawana tena nguvu ya kuogopa, na sufuria mbili zinarudi zimejaa.

Odette, muuguzi mkuu wetu, anadhani kuna mtu kambini anaeneza uvumi wa sumu kwa makusudi ya vita. Amempelekea habari mkuu wa kambi, naye amesema mwenye uvumi huo akijulikana atafukuzwa na watoto wake, na kufukuzwa kambini siku hizi ni kurudishwa mlimani kwenye risasi. Juzi Odette akaniuliza mbele ya watu, "We ndiye unaonana na hawa bamama kila siku. Nani alianza hii maneno?" Nikasema, "Mi sijui, muganga." Adélaïde alikuwa amesimama palepale amembeba Christa. Aliniangalia tu, na mimi nikainamisha kichwa kwenye sufuria kana kwamba kuna kitu kinaungua.

Siku ile alimleta mtoto apimwe uzito tu, uji aliukataa. Christa amepungua. Na mimi nimepungua, nimefika sabini na nusu, usiniulize nilijuaje. Sasa hata chakula cha nyumbani hakishuki. Niambie nifanye nini, niache kazi nimwachie Consolate nikae kwangu, au niseme, na nikisema niseme nini, na hii presha niifanyeje, na hiyo nusu kilo iliyobaki, Bi Zubeda, naona aibu kuiandika lakini bado naitaka.

Ni mimi mwenye kuona haya,
Buyenzi

*

Mama wa Buyenzi,

Nimeondoa barua ya bwana mmoja mwenye wake wawili ili yako itoke wiki hii, na majina ya watu uliowataja nimeyabadilisha. Yeye amekaa na shida yake miaka sita, hataumia akisubiri. Wewe huna nafasi ya kusubiri, na tayari umepoteza siku ukitafuta kalamu wakati Odette yuko hatua chache kutoka jikoni kwako.

Tuanze na uzito, maana ndicho ulichojificha nyuma yake. Kupungua si dhambi yako. Daktari alikutajia presha, wewe ukatii, ukashuka kilo kumi na mbili kwa lengalenga, na wengi wetu tungeshindwa siku ya tatu, mimi wa kwanza. Kilo za mwisho ni kaidi kwa kila mtu. Mwili uliopungua unahitaji chakula kidogo kuliko ule mkubwa wa zamani, kwa hiyo kilichokushusha mwanzo hakitoshi tena, na juu yake wewe ulikuwa unaongeza vikombe vitatu vya mafuta na sukari kila asubuhi. Huo ni mlo, mama. Tumbo halijui hiki ni kazi na hiki ni chakula. Ungekaa chini ukakubali hilo tu, barua hii usingeiandika.

Sasa nikugombeze. Uliona aibu kuwaambia wanawake kwamba uji unakunenepesha, lakini hukuona aibu kuchezesha koo mbele ya mtu anayekuamini na mtoto wake. Unadhani wangekuchukia? Ramadhani uliwaambia umefunga, neno moja la kweli, wakampokea Consolate siku hiyo hiyo. Wale si watu wasiosikia. Wewe ndiye uliyeacha kuwaambia.

Na kutema hata nakuelewa. Ulikuwa na hofu ya presha, una watoto wanne, ukafanya upumbavu. Lakini ile "mi sijui, muganga" ilikuwa ya kumwokoa nani? Adélaïde ameona kitu cha kweli akakisema kwa majirani zake, kama ambavyo mama yeyote angefanya, na sasa anaweza kurudishwa kwenye risasi na mtoto mgongoni kwa sababu wewe uliinama kwenye sufuria. Angeweza kukutaja palepale. Hakukutaja. Sijui kwa nini, labda alikuwa anakupa nafasi, labda aliona kwamba neno lake halina uzito mbele ya lako. Vyovyote vile, nafasi hiyo bado ipo na itakwisha.

Usiache kazi. Ukitoroka leo, kambi nzima itasema mpishi amekimbia kwa sababu sumu imegundulika, na Consolate hatamlisha mtu hata mmoja.

Ukimaliza kusoma hapa, weka gazeti chini uende kwa Odette. Mwambie uvumi umeanza kwako, ulitema uji kwa sababu daktari alikutaka upunguze uzito, na Adélaïde hana kosa. Msimame wewe na Odette mbele ya mkuu wa kambi uyarudie maneno hayo. Akikugombeza, nyamaza. Akikutoa kazini, pokea, lakini omba siku moja ya mwisho kambini, maana bado una deni la maneno kwa kinamama.

Kisha umfuate Adélaïde alipo, usimwite jikoni. Mwambie, "Nilikudanganya, jino haikuniuma." Mweleze presha yako kwa maneno machache. Anaweza kukucheka, mwanamke wa kambini akisikia mtu anaukimbia mnofu ana haki ya kucheka. Anaweza kukutukana pia. Usijitetee. Halafu zungumza na wengine wote, na kama Kirundi chako ni cha Buyenzi kama changu, Consolate akusaidie, ili asiwepo wa kusema ulificha neno katika lugha.

Kikombe cha bati kiache. Nenda na finjani, zile tunazonywea kahawa barazani, waoneshe jinsi ilivyo ndogo, uwaambie hiki ndicho unachoweza kunywa kwa presha yako: finjani moja kwa kila sufuria, mpaka chini, na mdomo ufunguliwe baada ya kumeza. Wasipoitaka finjani, utakunywa kikombe kizima mpaka watakapoitaka, na kilo zikirudi zirudi. Presha yako ina daktari. Christa ana ule uji tu.

Uji huo ndio uwe chai yako ya asubuhi, nyumbani usiongeze kitu juu yake. Chakula cha jioni ule, kidogo, usikiruke, maana anayelala na njaa ndiye anayeamka akiulilia uji wa watoto. Chumvi ipunguze. Ngagara nenda kwa miguu ukirudi kwa miguu maadamu barabara ni salama, huko si mbali kwa mtu wa Buyenzi. Na upimwe kwa daktari wako mara moja kwa mwezi, mizani ya kituo usiipande tena. Mwulize kama sabini na nusu inamtosha. Nina hakika atajali presha kwanza, na ikiwa imeshuka hatakugombanisha na nusu kilo. Hata hivyo kuitaka si haramu. Itake tu kwa jasho lako mwenyewe.

Bado moja, nalo ndilo kubwa. Kila asubuhi ulikuwa ukimaliza kuonja unaingia nyuma ya jiko, na ndiyo maana uliweza kutema. Kesho ukishameza finjani ya tatu, usirudi ndani. Consolate agawe, wewe vuta kigoda ukae katikati yao, na kama unaweza ukae karibu na Adélaïde, usiseme lolote. Wale wanawake hawana habari kama umenenepa au umekonda. Wanaangalia kama aliyekunywa bado anapumua, ndipo wawape watoto. Kaa hapo wakuone.

Bi Zubeda