Mwende, lile neno nililitunga mimi

Mwende, mama,

Mama yako ndiye amesema nikuandikie. Aliniambia, "Usiniambie mimi tena, Muli. Mimi nimeshasikia. Mwambie mwenyewe." Basi nimekaa hapa Kitengela, nyuma ya duka la dawa za mifugo, nimeazima kalamu ya mwenye duka. Unajua mimi ni mtu wa darasa la sita, ingawa hilo darasa la sita langu lilikuwa zaidi ya fomu foo ya siku hizi, mwalimu mwenyewe alikuwa ananiita nimsaidie hesabu.

Wacha. Naanza tena.

Niliishia darasa la sita na mwalimu hakuwahi kuniita.

Ni mwaka mmoja na miezi minne tangu tukuzike nyumbani Makueni. Hapa kumebadilika. Ule uwanda nyuma ya nyumba yenu, mahali nyumbu walikuwa wanapita asubuhi na wewe unawahesabu dirishani ukiwa mtoto, umekatwakatwa ploti na kila mtu ameweka ua wa waya. Kila mtu sasa ako na simu mkononi, hata mzee anayeuza mkaa. Mama yako bado anafua Jumamosi. Bado anapika chai ya watu wawili, halafu anakumbuka, halafu anakunywa yote mwenyewe ndiyo isimwagwe.

Mimi bado niko dalali. Bado naenda Bisil siku ya soko, nasimama katikati ya muuzaji na mnunuzi, naongea. Hiyo ndiyo kazi yangu, kuongea. Na ni kuongea kulikotuleta hapa, wewe huko na mimi hapa.

Nakumbuka siku uliyokuja na lile sanduku la viatu. Ilikuwa ule mwaka baada ya zile mvua kubwa, umemaliza chuo, umepata kazi ya kukusanya maneno. Mimi nilicheka mpaka nikakohoa. Nikauliza, msichana aliyesoma hivi anatumwa kuokota maneno kama mtu wa chupa? Hukukasirika. Ulimwaga kadi mezani, ukatuonyesha. Juu neno, chini maana, chini zaidi aliyelisema na mahali alipolisemea. Ukasema kamusi zote tulizo nazo ziliandikwa na watu wa mbali na sisi, na kuna maneno yanaongewa Isinya, Bisil, Rongai mpaka Kimana ambayo hakuna kitabu kimeyaandika, kama kwamba watu wa huku ni mabubu. Mama yako akasema, "Mabubu? Na Muli yuko?"

Ulitueleza ile sheria yenu. Neno haliingii kwa kuwa ni tamu, linaingia kwa kuwa watu wanalisema. Na lazima lisikike kwa watu watatu, mahali zaidi ya pamoja, na wasiwe wameambiwa kitu. Hairuhusiwi kumuuliza mtu, "Wewe unajua neno fulani?" kwa sababu watu wanapenda kukubali. Unamwongelesha tu kuhusu kile kitu, unangoja, neno litoke lenyewe. Ulisema wakati mwingine unangoja siku nzima. Nikawaza, hii ni kazi ya mtu wa subira, mimi singeiweza hata kwa kufungwa kamba.

Halafu ukaanza kutuuliza. Mama yako, mtu asiyependa kuongea, alitoa maneno matatu kabla chai haijapoa. Mama wa maziwa akatoa mawili akiwa amesimama mlangoni tu. Nami, Muli, mtu ambaye soko lote la Bisil linanyamaza nikikohoa, nikatoa la kwanza. Ukafungua ile kamusi yako kubwa. "Iko, Anko." Nikatoa la pili. "Iko, Anko." La tano, la kumi. "Hiyo pia iko." Ulikuwa unasema kwa upole kabisa, lakini mama wa maziwa alicheka, na mama yako akaangalia pembeni.

Ndipo nikasema, "Bwerenda."

Sijui lilitoka wapi. Nakuapia sijui. Ukatafuta, ukatafuta tena, ukainua kichwa na macho yanang'aa. "Hiyo haiko, Anko! Maana yake?" Na mimi, kwa sababu ulimi wangu hauwezi kukaa uchi, nikakwambia ni ng'ombe kulishwa chumvi na kunyweshwa maji mengi asubuhi ya soko, akajaa tumbo, akaonekana mnono kwa saa moja halafu akarudi mifupa. Nikasema neno hilo lilianza wakati wa baba yangu, kwamba kuna fahali mmoja Bisil alibwerenda mpaka akaelea mtoni. Ulicheka. Ukasema, "Anko, na huyu fahali si ndiye yule uliyemsimamisha kwa kumkazia macho?" Lakini ukaandika. Hicho kitu kipo kweli, Mwende, ng'ombe wanafanyiwa hivyo kila wiki. Neno ndilo halikuwepo.

Ningeacha hapo ungetafuta mashahidi, ungekosa, ungetupa kadi, na sote tungesahau. Lakini uliniambia unaenda Bisil wiki ijayo kulisikiliza. Mimi nikaenda Bisil wiki hiyo.

Niliwakalisha madalali wenzangu pale kibandani, nikawanunulia chai na mandazi, nikawafunza. Nikawaambia kuna mtoto wangu atakuja kuuliza habari za ng'ombe wanono, mseme bwerenda, na mkimpa lingine sitawajua. Mzee Sironka, mmoja wao, aliniuliza, "Mkamba, na kwa nini usimpe mtoto kitu cha kweli?" Nikamwambia hii ni mambo ya vitabu, hawezi kuelewa. Mzee akakunywa chai yangu. Uliporudi ulikuwa na furaha ya ajabu. Ulituambia umelisikia mara nyingi hata hukuamini, kwamba kuna mtu alisema hata chai imebwerenda. Nilitaka kucheka na nilitaka kujificha. Nilichagua kucheka.

Kisha ukasema bado mahali pamoja pa mbali. Ukasema, "Nitajaribu Kimana, wale wanaleta mifugo Bisil pia." Na mimi nikaenda Kimana, nikamtafuta mtu wangu wa vitunguu na jamaa zake, nikawafunza vilevile. Ukaenda nyuma yangu. Ulikaa huko siku kumi na nne, kando ya ile mifereji ya maji, ukingoja neno litoke lenyewe.

Ulirudi na kadi imejaa na mwili unatetemeka.

Malaria ikapanda kichwani. Siku tisa. Daktari alisema mbu wa kule kwenye maji ni wabaya kwa mtu wa huku. Mama yako aliuliza mara moja tu, hospitalini, "Huko Kimana alikuwa anafuata nini?" Nikasema, "Kazi." Mimi, mtu wa kuongea, nilipata neno moja tu.

Ningekufa nalo, nakwambia ukweli. Nilikuwa nimepanga kufa nalo. Lakini mwezi wa tatu uliopita alikuja Wafula, yule mliyekuwa mnafanya naye kazi, kijana wa Bungoma mwenye miwani. Alikaa kwenye kiti chako bila kujua ni chako, mama yako akamwachia. Akasema kitabu kinaenda kupigwa chapa, na maneno yako yote yataingia, na jina lako litaandikwa mbele pamoja na ya wengine. Mama yako alishika mdomo. Kisha Wafula akatoa kadi moja mfukoni.

"Kuna hili moja linanisumbua, mama. Nimelingoja Isinya, nimelingoja Namanga. Hakuna mtu. Liko Bisil na Kimana tu, na siku hizohizo Mwende alizoenda. Mkubwa wetu anasema kama hili alilitunga, basi itabidi kadi zake zote ziwekwe kando. Hatuwezi kujua lipi ni lipi."

Alilitunga. Wewe. Mtu aliyengoja siku nzima.

Akanipa kadi niisome. Ni mwandiko wako, ule unaolala upande. Shahidi wa kwanza: Mjomba wangu, dalali, Kitengela. Na mbele yake, kwa kalamu nyekundu, umeandika neno moja: Anaaminika.

Mwende, mimi nimeitwa mengi kwenye soko lile. Hilo hakuna mtu aliwahi kuniita.

Nilisema. Sikusema vizuri, nilianza na yule fahali, nikazunguka, mama yako akaniambia, "Muli, nyoosha." Nikanyoosha. Nikasema nililitunga mimi, nikawafunza watu Bisil, nikawafunza Kimana, na kwamba mtoto alienda Kimana kufuata kitu ambacho nilikuwa nimekipanda jana yake. Nilipofika hapo mama yako aliinuka akatoka nje kuanua nguo. Zilikuwa bado zinadondosha maji. Alizianua zote, akazikunja zikiwa mbichi, akazirudisha ndani, akazipanga kwenye kochi.

Hakunisemesha miezi miwili.

Wafula naye hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema itabidi twende mimi na yeye, niseme mbele ya wale watu kwamba niliwafunza, aandike waliyosema, ndiyo mkubwa wake ajue uongo ulikuwa wa shahidi, si wa mwandishi. Na kadi zako nyingine achague kadhaa azisikilize upya.

Basi nilisimama Bisil siku ya soko, Mwende, ng'ombe wanalia, nikasema. Walicheka mpaka mtu akaangusha fimbo. "Kumbe Muli ndiye amebwerenda!" Nilingoja wamalize. Mzee Sironka hakucheka. Alisema, "Ero, Mkamba, yule msichana alinisalimia kwa Kimaasai, akakaa kwenye jua pamoja nami. Nami nilimdanganya kwa chai yako." Akatoa kofia. Mimi pia.

Wafula alizisikiliza kadi zako nyingine, siku nyingi, Bisil, Isinya, mpaka Gataka. Kila moja ilitoka yenyewe. Hata mahali ulipoandika "nadhani", ulikuwa umedhani sawa.

Kimana ndiko kulikonimaliza. Tulikuwa tumeshaongea na mtu wangu wa vitunguu, amekubali makosa, tunatoka. Kando ya njia kuna mama mmoja anapima magunia, simjui, hanijui. Alikuwa anamfokea mtu aliyemletea vitunguu. "Usiniletee vitunguu vimebwerenda, umevimwagia maji asubuhi, kesho vitakuwa maganda!"

Wafula alisimama. Mkono wake ulienda kwenye kalamu wenyewe. Akaniangalia, nami nikamwonyesha mikono yangu mitupu, kwamba huyu simjui, haki ya Mungu.

Akamuuliza mama hilo neno amelitoa wapi. Mama akamwangalia kama mtu ameuliza jua linatoka wapi. "Si ni Kiswahili tu? Wewe na miwani yote hiyo hukuenda shule?" Kisha akanigeukia mimi, kwa vile ninamtazama mdomo wazi, akaanza kunifunza. Akanieleza, pole pole, kama anaongea na mzee asiyesikia, kwamba kitu kikijazwa maji kionekane kikubwa, hicho kimebwerenda, na kwamba hata mtu anaweza. Alinifunza neno langu mwenyewe, Mwende, tena kwa uzuri kuliko nilivyokufunza wewe.

Ulimi wangu uliinuka. Unaujua. Ulikuwa umeshafika kwenye meno: mama, unayemfunza ndiye mwenye neno. Nikaumeza. Nikasema, "Asante, nimesikia."

Njiani Wafula akaniambia mtu mmoja si watatu, na kwamba neno hilo bado linanuka mkono wangu. Likiishi, mwingine atalikuta miaka ijayo na kuliandika, lakini si sasa na si kwenye kadi yako. Kadi ile alinipa. Nilimpa mama yako. Aliisoma, akaweka kidole kwenye lile neno jekundu. Ndipo akasema hayo niliyokuandikia juu, kwamba nikwambie mwenyewe.

Kitabu kimetoka. Jina lako liko mbele, jina zima, na la baba yako. Mama yako amekiweka kwenye kabati la vikombe. Maneno yake matatu yamo, na ya mama wa maziwa yamo. Nilitafuta langu hata kama nilijua. Kuna bweni, kuna bwerere, kisha bweta. Hapo kati ya bweni na bwerere karatasi ni nyeupe tu. Ni sawa hivyo. Nimepaangalia sana na ni sawa.

Sikuombi unisamehe, sababu ningekuomba ungenikubalia haraka, ulikuwa hivyo. Nakuahidi hili moja, nalo ni gumu kuliko fahali wote niliowahi kuwataja. Nikisikia mtu analisema, Bisil au Kimana au hapa mlangoni, sitasema ni langu. Sitalisema mimi mwenyewe tena kwa mdomo huu, hata kwa mzaha, hata nikiulizwa lilianza na nani. Likifa, life bila mimi kuliinua. Likiishi, akija msichana mwingine na kadi zake akakaa kwenye jua kulingoja, alikute lipo kweli.

Pumzika, mama. Kwenye ile kadi, kwa kalamu nyekundu, uliniandika vibaya, nami niko na miaka iliyobaki ya kuwa kile ulichoandika.

Anko wako,
Muli